Mbuzi Ambaye Njue Hakuleta

Wawira, uliyepewa jina langu,

Umeenda Kibugu kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako: hatakuachilia kabla hujanywa birika mbili za chai na kuombewa na majirani wote wa mashamba ya majani chai. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimeketi nje ya jikoni, daftari lako la zamani liko juu ya debe nililolipindua, na baba yako nimemwambia akisogea kuchungulia nitampiga na kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta. Mama yako ameshakunja nne na anatafuta ya tano. Wala sitakuambia usali, ule vizuri, ujihadhari na wanaume. Una miaka ishirini na tano. Kama hayo huyajui tumeshachelewa. Nataka kukuambia kitu kingine.

Nimemwona kipepeo.

Jumatatu uliacha bahasha yako juu ya meza ukaenda kuoga. Niliiinua nipanguse meza, na hapo pembeni akawa amechapwa, yule yule wa ile kampuni, mabawa wazi, kama anayejua amefika nyumbani kwa nani. Ulituambia unaenda Ulaya kufanya kazi katika "kampuni moja ya simu," kisha ukaharakisha kuongea habari ya theluji. Nilikutazama. Ukidanganya unashika sikio, tangu ukiwa mdogo. Na wiki hii yote umenizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Uliogopa cucu yako, nyanya huyu, atakataa. Uliogopa nitalala mbele ya gari la kukupeleka uwanja wa ndege.

Tulia. Sijakukasirikia. Nimefurahi mpaka ninacheka peke yangu nikichambua maharagwe, na mama yako anadhani uzee umenifika kichwani. Miaka yote hii nimetafuta mlango wa watu hao. Nimeupiga kwa mawe, nimeupiga kwa nyuki, na sasa wameufungua wenyewe, wakamwita Wawira kwa jina na wakamlipia ndege!

Lakini hutapanda hiyo ndege ukiwa na vipande vipande vya hadithi ulivyookota jikoni. Vingine nilivificha. Nilivificha kwa sababu vinaniaibisha mimi, si wao.

Kabla hujazaliwa nilikuwa nauza muguka. Muguka unaujua, yale majani ya kutafuna, usipofika Mombasa ukiwa bado laini unakuwa chakula cha mbuzi. Zamani hizo madalali walikuwa wanakuja hapa kwetu Siakago, wanasimama wameshika kiuno, wanasema, "Mama, Mombasa leo ni mbaya." Tungejuaje kama ni mbaya? Tunauza. Siku moja nikakasirika, nikauza mtamba wangu, nikanunua simu. Ilikuwa nzito kama tofali, na haikushika mtandao popote isipokuwa mahali pamoja: juu ya kilima chetu, kwenye ule mwamba ulio karibu na mizinga ya babu yako, tena ugeuze uso kuelekea Embu. Nikawa napanda kila jioni kumpigia mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa ananunua muguka. Yeye ndiye aliyeninyoosha Kiswahili. Nikikosea ananicheka mpaka kredo ya simu inaisha. Na yeye ndiye aliyeniambia bei ya kweli. Madalali walinichukia, na mimi nikanenepa.

Basi watu wakaanza kunifuata mwambani. Huyu anataka kumpigia mtoto wake, huyu anataka kujua kama mjomba amefika. Nikawauzia dakika. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua kijiji gani kina watoto wengi Mombasa, nani anapiga kila siku na nani anapiga msiba ukitokea tu, saa ngapi watu wanapanda, na ni mlima gani wa pili ambao mtu anaweza kushika mtandao kidogo akisimama juu ya kichuguu. Sikuwa nimeandika hata neno moja. Nilikuwa sijui kuandika. Yote yalikuwa kichwani.

Ndipo akaja Njue.

Alikuwa kijana wa Embu mjini, anakaa mtaa wa Dallas, amevaa shati lenye kipepeo, alama ya kampuni yake ya simu, na buti ambazo hazijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Alikuja mpaka mwambani, akakuta watu kumi na wawili wamepanga foleni wakisubiri simu yangu. Alisimama akatutazama kama mtu aliyeokota mkoba.

"Mama, hii foleni ni ya kila siku?"

"Isipokuwa mvua ikinyesha. Na ikinyesha wanakuja na miavuli."

"Wanapiga sana saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni, muguka ukishapakiwa. Na Jumapili wakitoka kanisani, hapo hata mimi sipati nafasi kwa simu yangu mwenyewe."

Njue akatoa kitabu akaanza kuandika. Alirudi siku tatu. Nilimtembeza vilima vyote, nilimwonyesha vichuguu, nikamwambia njia ya muguka kutoka shambani mpaka barabarani. Aliniita profesa. Nilipenda, kwa nini nikudanganye? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu halafu akaandika jibu langu.

Akasema kampuni yake inataka kusimamisha busta, mnara wa simu, pale juu ya kilima. Akasema, "Ikisimama, mama, wewe ndiye wakala wetu wa kwanza upande huu wote. Kila laini, kila kadi ya kukwaruza, itapitia kwako. Na kijana wako Nyaga atakuwa mlinzi wa busta. Kampuni haisahau mtu wake."

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, kwa sababu ndilo baba wa mengine yote. Kwetu, mtu akija kukuomba ardhi, analeta mbuzi. Yeye anayeomba ndiye anayeleta. Mnachinja, mnakula pamoja, na kuanzia hapo huyo si mgeni tena, ni mtu mliyefungana. Akikugeuka, kila aliyekula ile nyama anamtemea mate. Njue hakuleta mbuzi. Nilingoja. Siku ya kwanza hakuleta, ya pili hakuleta. Siku ya tatu nikajiambia, huyu ni mtoto wa mjini, hakufundishwa, kwa nini tumwaibishe? Nikatoa beberu wangu mwenyewe. Nikampa Njue mbuzi wa kunipa mimi! Tulichinja, akala yeye na wapimaji wake wawili, wakanywa na pombe ya asali kidogo, Mungu anajua kipimo. Njue alilamba vidole akasema, "Mama, hii lunch ni safi sana."

Lunch. Nilisikia hilo neno nikalipita. Mimi nilikuwa nimefunga agano, mwenzangu alikuwa anakula chakula cha mchana.

Kisha akatoa karatasi. Kidole gumba changu kikapakwa wino. Nilijiona mtu mkubwa.

Walirudi na msumeno. Karatasi ilikuwa imesema kilele chote cha kilima, si pale mwambani tu, na miti ya babu yako ilikuwa ndani. Migunga mitatu. Ilikuwa na mizinga yake aliyoichonga kwa mkono wake kabla hajafa. Niliwaambia wangoje hata jioni nihamishe nyuki. Msimamizi akasema mashine imekodiwa kwa saa. Mizinga ilianguka na miti. Asali ilimwagika chini ikachanganyika na vumbi la msumeno, na nyuki wakazunguka hapo juu siku mbili wakitafuta nyumba yao. Mizinga minne haikuvunjika. Niliibeba nikaiweka ghalani. Kumbuka hiyo minne.

Uwakala akapewa mwanaume mmoja wa Embu ambaye hata leo hajakanyaga Mbeere. Nilipanda gari nikaenda ofisini kwao. Njue hakuniangalia usoni.

"Mama, hayo yaliamuliwa juu."

"Juu wapi? Mwenye kilima ni mimi."

"Juu kabisa, mama. Ulaya."

Nilinyamaza kwa sababu moja tu: baba yako alikuwa amepewa kazi ya kulinda. Busta ikasimama, kila mtu akanunua simu yake, na hakuna aliyehitaji yangu. Hiyo sikulalamika. Biashara ni hivyo. Baba yako alivaa koti lenye kipepeo, akakaa kwenye kile kibanda cha mabati miaka tisa. Mvua, jua, simba wa uvumi na wezi wa kweli. Aliwahi kupigana na watu watatu waliokuja kuiba dizeli ya jenereta. Kovu lililo juu ya jicho lake ni la dizeli ya watu wa Ulaya. Aliipenda ile kazi. Alikuwa akisema "busta yangu."

Halafu kampuni ikauza busta. Haikuuza yetu peke yake, iliuza zote, nchi hii na nchi nyingine, kwa kampuni ambayo kazi yake ni kumiliki minara tu. Kisha wakaikodi ile ile waliyoiuza. Ulipokuja kunieleza ukiwa chuo, tukimenya viazi, nilikuuliza: ni kama mtu anauza ng'ombe halafu analipia maziwa? Ukasema, "Ndiyo cucu, lakini hahitaji tena kumlisha." Nikakikata kiazi kwa hasira. Maana nilijua ni nani aliyekuwa ng'ombe.

Ile siku yenyewe unaikumbuka? Ulikuwa darasa la nne. Baba yako aliingia na simu mkononi, ujumbe umeingia kwa Kiingereza, hakuelewa. Akakupa usome. Ulisimama pale mlangoni na sare yako, ukasoma polepole, kidole kwenye kioo. Ukainua uso umefurahi, kwa sababu neno la kwanza ulilielewa.

"Baba, wanasema asante!"

Ukaendelea kusoma, na uso wako ukabadilika. Kuanzia kesho yake asiende. Mtoto wa miaka tisa alimfuta kazi baba yake, kwa sauti yake, jikoni kwangu, na ule ujumbe ulipitia kwenye busta aliyokuwa ameilinda miaka tisa. Wawira, hilo ndilo siwasamehe. Miti, haya. Uwakala, haya. Lakini walikutumia wewe. Mchungaji ameniambia nisamehe. Nimemwambia, waje waombe, tutaona.

Usiku huo nilikwambia unifundishe herufi. Ulidhani natania. Ulinishika mkono na kalamu mwaka mzima, ukanichapa na rula nilipogeuza S. Ulinifundisha kwa vitabu vyako vya Kiswahili, ndiyo maana barua hii iko katika Kiswahili na si Kimbeere. Hasira yangu imejifunza kusoma katika lugha hii.

Sasa nakuja kwenye aibu.

Niliichukua ile mizinga minne. Kwetu mwanamke hagusi mzinga, ni kazi ya wanaume, na baba yako alikataa kunisaidia. Alikuwa ameanza kukaa kimya wakati huo. Nikaipaka nta mwenyewe, nikaifunga kwenye uzio wa busta, mmoja kila upande, mlango ukitazama ndani. Mwezi haukuisha nyuki wakaingia. Waliokuja kujaza dizeli walikimbia wakaacha viatu. Mmoja aliteremka kilima akiwa amevua suruali, na mimi niko chini nimeshika mbavu kwa kicheko. Wakaja wengine, wakakimbia. Dizeli ikaisha. Busta ikafa.

Nilikuwa malkia. Kila asubuhi naamka naangalia simu, hakuna mtandao, nasema: haya, Ulaya, mnasikia? Siku tisa.

Siku ya sita, Njeru, mume wa Igoki jirani yetu, aliumwa na kifutu shambani, yule nyoka mnene anayelala njiani kama gogo. Igoki alijaribu kupiga simu watu wa gari. Hakuna. Akapanda kichuguu. Hakuna. Walimbeba kwa wilbaro mpaka barabara kubwa, na jua lile la Mbeere. Alifika hospitali usiku. Alipona, lakini mguu ulikatwa juu ya goti.

Nilipanda nikaitoa ile mizinga kwa mikono yangu, mchana, bila moshi. Niliumwa mpaka macho yakafungika. Nilitaka kuumwa.

Kila mtu alidhani busta ilikufa yenyewe. Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza miezi miwili, na Njeru akija kanisani na magongo yake ananisalimia, "Habari mama Nyaga," na mimi nainama najifanya nafunga kiatu. Mwishowe nikaenda kwa Igoki. Alikuwa anapepeta ndengu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini.

"Wawira, hao watu wako wako Ulaya?"

"Wako Ulaya."

"Na mume wangu yuko wapi?"

Niliangalia ndengu zilizo kwenye ungo.

"Yuko hapa. Ameketi nyuma ya nyumba anajifunza kuvaa suruali. Umemuuma nani, Wawira? Hiyo busta hata si yao tena, si waliiuza? Huko walikoketi kuna mtu hata mmoja aliyejikuna?"

Nililia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, hakunishika. Kisha akasema, na hili nalibeba mpaka kaburini: "Mguu wa Njeru utanilipa wewe. Lakini si kwa machozi, mimi niyafanyie nini? Hawa watu wanapenda nini? Fikiria wewe, wewe ndiye profesa."

Nikafikiria. Walipenda kile nilichompa Njue bure siku tatu. Walipenda saa kumi na moja jioni na Jumapili baada ya kanisa. Walipenda sisi, kila mmoja wetu na laini yake mfukoni. Hawaumii ukivunja mlango wao. Mlango wanakodi.

Tulitembea, mimi na Igoki, tukaenda kwa vikundi vya akina mama, wachumaji wa muguka, wenye bodaboda, kwaya. Tulipata majina mengi kuliko daftari. Tukaenda Embu kwa wapinzani wa Kipepeo, wale ambao hawakuwa na mtandao upande wetu, tukamwekea meneja wao daftari mezani. Alikuwa mwanamke. Nikamwambia, "Hawa wote watabeba laini yako kwa siku moja, mkisimamisha busta yenu kwenye shamba langu lililo nje ya ule uzio. Lakini wakala ni kikundi chetu, na iandikwe. Mlinzi ni Nyaga, na jina lake liandikwe. Na utaniletea mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi. Mzima. Anayetembea."

Alileta! Alimleta nyuma ya gari dogo, amemfunga kwa kamba ya viatu, hajui amshikeje. Mwalimu wa sekondari alisoma karatasi mstari kwa mstari mbele ya watu, na wewe ukakaa kando ukihakikisha haruki. Kisha nikaandika jina langu. Herufi zilikuwa zimelala huku na huku kama walevi, lakini zilikuwa herufi. Safari hii hakuna aliyenipaka wino.

Busta yao ilipowaka tulingoja siku ya soko. Saa nne asubuhi, kila mtu akatoa laini ya Kipepeo, akaitupa kwenye karai la Igoki. Ulikuwepo, ulibeba upande mmoja wa lile karai. Njeru ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha kikundi chetu akiuza laini mpya, na yuko hapo mpaka leo, na nusu ya fungu langu kwenye kibanda ni yake. Hiyo hakuna anayeijua ila mimi, Igoki na Njeru, na sasa wewe.

Wiki mbili hazikuisha, Njue akaja. Amenenepa, shati ni lile lile. Na safari hii, Wawira, alikuwa na mbuzi.

"Mama, tumetoka mbali mimi na wewe."

"Wewe ndiye uliyetoka mbali. Mimi niko palepale."

"Juu wanauliza kuna nini Siakago. Wameona kwenye kompyuta. Mama, tafadhali, hata uwakala tutakupa."

Nilimwangalia yule mbuzi. Alikuwa mzuri, mweusi, ana ndevu. Nikasema, "Njue, huyu mbuzi nilimngoja siku tatu. Mrudishe kabla hajamaliza nyasi zangu." Nilimpa uji akanywa, kwa sababu si mimi nitakayemnyima mtu uji. Baadaye nilisikia kampuni imemwachisha, naye kwa ujumbe mfupi. Nilicheka. Kisha nikamwonea huruma kwa muda wa chai kuchemka. Basi.

Sasa wewe.

Bahasha inasema unaenda idara ya mikakati. Nimelizungusha hilo neno mdomoni wiki nzima. Ni hao, siyo? Hao ndio wanaokaa na ramani ya dunia na kusema nchi hii tuingie, hii tushirikiane na wenyeji, hii tuko wa tatu sokoni basi tutoke, minara hii tuuze. Njue alipoelekeza kidole akasema "juu," alikuwa anaelekeza kwenye kiti chako. Umepewa kiti cha watu waliomfuta baba yako kazi.

Usiwapelekee nyuki. Najua damu yako, ni yangu. Kuna siku utaona kitu huko, utataka kuharibu, kufuta, kufichua, kuwasha moto ukaondoka. Ngoja. Uliza kwanza Njeru wa huko ni nani. Kila mara kuna Njeru, na hayuko ofisini.

Mimi nataka kisasi kirefu kuliko hicho. Walikula kila kilichokuwa kichwani mwangu kwa siku tatu, wakanishukuru kwa kulamba vidole. Wewe kula kilicho vichwani mwao. Wanavyopanga bei, wanavyochagua nchi, wanavyojua wateja wataondoka kabla wateja wenyewe hawajajua, wanavyouza ng'ombe na kunywa maziwa. Andika. Uliza maswali kama Njue, kwa heshima, na kalamu. Waite maprofesa, watapenda. Na ukishiba, rudi. Au nenda kwa wapinzani wao. Au anzisha yako, sijui, wewe ndiye uliyesoma. Nataka siku moja mtu wa huko Ulaya aseme kwenye simu, "Kuna nini Siakago?" na jibu liwe wewe.

Kitu kimoja tu fanya ukiwa bado ndani. Ipo siku karatasi itawekwa mbele yako, imejaa minara, kila mnara una namba. Watasema uza, au zima. Labda ni haki, labda hesabu ni ya kweli, sibishani. Lakini wewe inua mkono uulize: anayelinda hapa anaitwa nani? Watakutazama. Uliza tena. Uliza mpaka mtu ainuke akatafute jina. Na kama lazima aambiwe, aambiwe kwa mdomo wa mtu mzima, si kwa mdomo wa mtoto wake.

Najua pia utawapenda. Watakuwa watu wazuri, watakununulia keki siku yako ya kuzaliwa. Njue alikuwa mtu mzuri. Hiyo ndiyo iliyoniponza. Keki yao kula, ushukuru. Lakini usije ukadhani mmefungana. Kwao ni lunch.

Na wakikuomba kitu kikubwa, kilichoko kichwani mwako wewe, kile ambacho hakuna mwingine anacho, funga mdomo na ungoje. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Utaona haya. Utataka kuwasaidia wasiaibike. Usiwasaidie! Mimi niliona haya kwa niaba ya Njue, na ona. Anayeomba ndiye anayeleta mbuzi, na mbuzi wa huko ni karatasi yenye jina lako. Waisome mstari kwa mstari mbele yako.

Kesho asubuhi, kabla ya gari, tunachinja. Njeru ameshanoa kisu, anasema hakuna mwenye miguu miwili atakayemshikia. Igoki analeta asali ya ile mizinga minne, maana bado iko hai, iko nyuma ya kibanda cha baba yako na hakuna mtu inayemkimbiza. Nitakutemea mate ya baraka kifuani, usijifute. Utakula nyama ukiwa umekaa katikati ya baba yako na Njeru, utafune polepole, uwaangalie.

Huyo ndiye mbuzi wako, Wawira. Nimemnunua kwa Njue. Ndiyo, nilimpigia, namba yake bado ninayo. Nilimwambia aniletee beberu mweusi mwenye ndevu, na nikamwambia ni wa kazi gani na unaenda kwa nani.  Akasema atamleta mwenyewe, na hataki pesa.

Nimemlipa hata hivyo. Sitaki anidai hata ukwato.

Nimeandika haya yote kwa mkono wangu.

Wawira, cucu yako